Wodi ya Vitanda Kumi na Viwili

Jumamosi hiyo, kabla chai haijachemka, Phelista alikuwa amemfundisha babake mambo manne: kuwasha tochi ya simu kwa kuitikisa, kupima kama rafu ya vyombo imekaa sawa, kurekodi sauti, na kuiagiza simu imkumbushe dawa ya presha asubuhi na jioni. Mzee Jairus aliandika kila jambo kwenye daftari, kwa wino wa buluu, akaliwekea namba. Alikuwa ameitumikia serikali miaka thelathini na mmoja katika idara ya kilimo, na hakuwa mtu wa kuamini kitu ambacho hakijaandikwa.

"Na hii?" aliuliza, akitoa kitu cheusi cha miguu mitatu kwenye mfuko aliokuja nao bintiye.

"Ni tripodi. Ya kushikilia simu wakati wa picha, isitetemeke."

"Mimi sitetemeki."

"Unatetemeka kidogo, Baba."

Mzee akaandika: tano, tripodi.

Phelista alikuwa na kibanda mjini Kitale, karibu na soko, alikouza kava, chaja, pawabenki na vikorokoro vingine vya simu. Aliishi mtaa wa Kibomet. Kila Jumamosi ya pili alikwenda kumwona babake kijijini, chini ya Bokoli, ng'ambo ya kijito ambacho mvua ikinyesha hakivukiki. Simu ile alikuwa amempa Krismasi. Kwa miezi mitano mzee alikuwa ameitumia kupokea watu wanaompigia na kuangalia saa, ingawa saa ya ukutani ilikuwa nzima. Kwa hiyo Phelista alibeba vitu vilivyokaa kibandani bila mnunuzi, tripodi moja, lenzi pana ya kubana kwenye simu, pawabenki yenye ufa pembeni, akaja kumwonyesha kwamba simu ni zaidi ya saa.

Baada ya chai walikwenda kumpiga picha mtamba. Mzee alitaka kumuuza, na kulikuwa na kundi la wauza mifugo kwenye simu ambalo Phelista alikuwa amemwingiza. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye kiwanja cha serikali kilicho kando ya kanisa, kwa sababu nyasi ya nepia ya pale ilikuwa nzuri. Phelista alikita tripodi, akabana simu, akabonyeza.

Kwenye picha mtamba alikuwa amesimama vizuri, sikio moja juu. Nyuma yake kulikuwa na jengo refu lenye mabati ya kijani, veranda, tangi jeusi la maji, na benchi la kungojea.

Phelista aliinua macho. Nyuma ya mtamba kulikuwa na nepia na kile kibao cha mradi. Akarudi kwenye skrini. Mzee Jairus alivaa miwani yake ya kusomea, akainama.

"Ni ile wodi," akasema.

"Ndiyo."

"Wamepaka rangi ya krimu. Kwenye ramani ilikuwa nyeupe."

Walimsogeza mtamba kwa sababu alikuwa ameziba mlango, wakampiga picha nyingine upande wa kanisa. Ile ya kwanza ilikuwa tayari imekwenda kwenye kundi. Mtu wa kwanza kujibu aliuliza kama ng'ombe anatoka hospitalini.

Kibao kilisema hivi: Wodi ya Kina Mama, Vitanda Kumi na Viwili. Hali ya Mradi: Umekamilika. Kilikuwa kimesimamishwa mbele ya hema na viti vya plastiki siku ya ufunguzi, miaka miwili na nusu iliyopita, na hema lilipoondolewa kikabaki peke yake. Miezi mitano baadaye, mdogo wake Phelista, Nakhumicha, alishikwa na uchungu siku ya mvua. Walimpakia kwenye pikipiki. Phelista ndiye aliyeketi nyuma yake, akimshikilia kiunoni. Kijito kilikuwa kimejaa. Walisubiri maji yapungue, na yalipopungua hapakuwa na haraka tena. Mama na mtoto walizikwa pamoja, nyuma ya jiko.

Mzee Jairus aliandika barua tatu kwa ofisi iliyohusika, mjini Bungoma, akiwaeleza kwamba wodi haipo. Nakala alizihifadhi kwenye faili. Ofisi ilimjibu mara moja tu, kwamba barua yake imepokelewa na inashughulikiwa.

Phelista yeye hakuandika kitu. Alifungua kibanda saa mbili, akakifunga saa kumi na mbili, akala, akalala. Siku moja chai ilimmwagikia mkononi, akajua imemuunguza kwa kuona ngozi inavimba.

"Hebu ingia," Mzee Jairus alisema sasa, simu ikiwa imeelekezwa tena kiwanjani, macho yakiwa kwenye skrini. "Kuna ngazi mbili. Panda."

Phelista alipiga hatua ndani ya nepia, akainua mguu, akakanyaga saruji. Ndani kulikuwa na harufu ya rangi mbichi. Vitanda vilivyoingia kwenye picha vilikuwa vitano, magodoro bado yamo kwenye nailoni. Mwishoni, nyuma ya meza, alikaa muuguzi wa makamo, sweta ya buluu mabegani, rejista imefunguka mbele yake.

"Karibu. Ni mjamzito?"

"Hapana. Nimekuja kuangalia tu."

"Sawa. Mimi ni Sista Dinah Nyambu."

"Umekuwa hapa tangu lini, Sista?"

"Niliandikwa Julai, mwaka ule wa ufunguzi."

"Na nyumbani ni wapi?"

Muuguzi alifikiri. "Hapo hawakujaza," akasema.

Wakati huo skrini ilizimika, kwa kuwa ilikuwa imepangwa kujizima kila nusu dakika. Phelista akajikuta amesimama kwenye nepia, umande magotini. Mzee akaigusa simu, na wodi ikarudi, na muuguzi alikuwa bado anazungumza.

"Stima hupotea hapa," alisema.

Ofisi mjini ilikuwa na majina ya watu wa aina yake, walioko kwenye orodha ya mishahara na hawako popote pengine. Watu huwaita wafanyakazi hewa. Phelista alikuwa amezoea kusikia habari zao redioni, lakini hakuwa amewahi kukutana na mmoja. Aliona kwamba kucha za Sista Dinah zilikuwa fupi na safi.

Jumatatu alimweleza Wacuka, pamoja na wazo la kuzalishia kina mama mle. Wacuka alikuwa fundi wa simu kwenye kibanda kilichopakana na chake, mwanamke mnene, mtulivu, mzaliwa wa Trans-Nzoia kama wazazi wake, na wakati huo alikuwa anafungua simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maziwa.

"Wodi nzima?" Wacuka aliuliza.

"Nusu. Mlango na vitanda vitano. Vingine vinatoka nje ya picha."

"Si ubane ile lenzi pana? Lakini hiyo hupinda vitu pembeni. Usilaze mtu kitanda cha kwanza wala cha mwisho." Alipuliza vumbi kwenye bisibisi. "Skrini, weka isizime kabisa. Na uweke hali ya ndege, bana. Mtu akipiga simu katikati, jina lake litatokea mbele, na wodi itaenda wapi?"

"Sijui."

"Basi weka ndege. Chaji ikishuka sana je?"

"Taa za ndani hufifia."

"Pawabenki mbili. Moja ikitumika, nyingine inachaji kwa sola." Akarudi kwenye simu ya maziwa. "Na umwambie mzee afute lenzi na kitambaa laini, si shati. Ikiwa na mafuta, watoto watazaliwa na ukungu."

Phelista aliyaandika yote nyuma ya kava ya katoni, na katika safari iliyofuata mzee akayanakili kwenye daftari, kuanzia namba sita.

Mama wa kwanza alikuwa Agneta, jirani yao, aliyekuwa anangojea mtoto wa tatu. Ilikuwa alasiri, mvua ilikuwa imenyesha tangu saa sita, na kijito kilisikika hadi kanisani. Agneta alikuja kwa miguu, amejishika mgongo, mumewe amemfunika na karatasi ya nailoni.

"Mzee, washa hiyo simu," alisema. "Siwezi fika balabala."

Phelista alikita tripodi chini ya paa la kanisa, akaelekeza, akabana lenzi, akaweka hali ya ndege. Wodi ilitokea nzima, imepinda kidogo miisho yote miwili. Agneta akapanda ngazi mbili, akapewa kitanda cha sita.

Walioketi nyuma ya simu waliona wodi. Waliosimama pembeni waliona nepia, na Agneta amelala juu yake, kimo cha kitanda, bila kitu chini, na mvua haimgusi. Mumewe alitazama upande huu, akatazama upande ule, kisha akachagua kuketi nyuma ya simu, ambako palikuwa pakavu.

Sista Dinah alifanya kazi yake bila maneno mengi. Phelista alimshikia taa. Hapo ndani palikuwa na kila kitu kilichoandikwa kwenye orodha ya vifaa, glavu, mikasi, mizani, na hapakuwa na kitu ambacho hakikuandikwa, kwa hiyo maji ya moto yaliletwa kutoka jikoni kwa Mzee Jairus. Saa kumi na nusu mtoto alizaliwa, msichana, akalia. Alipotolewa nje alibaki mtoto, mzito, mwekundu usoni, na mvua ilimlowesha kama inavyolowesha watu.

Agneta alilala. Sista Dinah akaketi kuandika. Phelista, ambaye hakuwa na kazi tena, alisimama kando yake, akaanza kufunua kurasa za nyuma za rejista. Zilikuwa zimejaa. Wodi ilikuwa imezalisha wanawake wengi sana tangu kufunguliwa, wanne kwa siku, watano kwa siku, mwandiko mmoja, kalamu moja. Majina mengi alikuwa anayajua. Yalikuwa ya wanawake wa vijiji vile, yalionekana yametolewa kwenye daftari la wapiga kura. Akafika mwezi wa tano wa mwaka wa mazishi.

Nakhumicha, miaka ishirini na minne. Mtoto mvulana, kilo tatu na robo. Mama na mtoto hali nzuri. Waliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya pili.

Alisoma mstari ule, akausoma tena.

"Huyu unamkumbuka?" aliuliza.

Sista Dinah alitazama. "Namkumbuka. Alikuwa na pengo hapa." Akagusa jino lake la mbele. "Alicheka sana. Alitoka asubuhi, akiwa amembeba mtoto mwenyewe. Nilimwambia apumzike, akasema dadake anamngoja."

Nakhumicha alikuwa na pengo palepale muuguzi alipoonyesha.

"Akaelekea wapi?"

"Nje."

"Nje wapi, Sista?"

"Nje mimi sipajui," alisema muuguzi, bila ubaya.

Agneta alipokwisha kuchukuliwa nyumbani, Phelista aliitoa simu kwenye tripodi, akaishika kwa mikono miwili, akageuka. Kwenye skrini wodi ilikuwa na lango, nguzo mbili za krimu. Alilifuata. Baada ya nguzo kulikuwa na njia ya udongo, na njia ya udongo kwenye skrini ilikuwa ileile aliyokuwa anaikanyaga, na madimbwi yaleyale. Alitembea nayo polepole, akielekeza kila upande, kwenye migomba, kwenye ua wa katani, kwenye jiko la babake na udongo ulioinuka nyuma yake, ambao kwenye skrini pia ulikuwa umeinuka. Alifika kijitoni. Kijito kilikuwa kijito. Ripoti ilikuwa imeishia langoni, na hakuna mtu aliyekuwa ameandika jambo lolote lililotokea baada ya hapo.

Alisimama mpaka chaji ikafika asilimia tisa, kisha akarudi. Hakumwambia babake.

Kufikia mwezi wa nane walikuwa wamezaliwa watoto tisa. Mambo yalikuwa yamepata utaratibu wake. Kina mama wa kanisa waligawana zamu za kuchaji pawabenki. Mzee Jairus alibandika masharti kwenye mlango wa kanisa kwa mwandiko wake wa ofisini: simu isiguswe na mtu mwenye mikono ya mafuta, mtu asikatize mbele ya lenzi, kuku wafungiwe. Kuku mmoja alikuwa amepita mbele ya kamera wakati wa uzazi wa nne, na kwa muda ule wodi ilikuwa na kuku mkubwa kuliko vitanda. Mama hakudhurika. Phelista alileta tripodi nyingine nzito zaidi, kava ya kuzuia maji, na kitufe kidogo cha kuwashia kutoka mbali ili mzee asiwe anainama. Simu ilikuwa inatumika kila siku. Mzee alikuwa hakumbuki tena kuitumia kuangalia saa.

Kisha barua ikaja kutoka Bungoma. Ilisema kwamba, kuhusu malalamiko yake matatu, mkaguzi atafika Jumatano saa nne kuthibitisha hali ya mradi.

Mzee alimpigia Phelista simu jioni hiyohiyo. "Njoo," alimwambia. "Tutazima. Nataka aone nyasi. Aandike nyasi."

"Na mtu akishikwa na uchungu?"

"Nimeshaongea nao wote. Jumatano hakuna."

Phelista alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku ya kazi tangu mazishi. Alimkuta babake amevaa koti na tai, faili kwapani, ameketi kwenye kiti mbele ya kiwanja tangu saa moja. Nepia ilikuwa imekatwa ili mtu aone mbali. Hapakuwa na kitu pale, na hakuna mtu ambaye angesema kipo.

Saa tatu na robo Rosaline alifika, mke wa mwalimu, mimba yake ya kwanza, wiki tatu kabla ya wakati. Alikuwa ameegemea mabega ya wanawake wawili na hakuweza kuzungumza. Maji yalikuwa yamemwagika njiani.

Mzee Jairus alimtazama. Kisha akatazama barabara.

"Kijito kimekauka," alisema. "Pikipiki inapita."

"Mtoto ametanguliza mguu," alisema mmoja wa wale wanawake.

Phelista alikita tripodi. Mzee hakumsaidia, na hakumzuia. Rosaline akapandishwa ngazi mbili na kupewa kitanda cha saba, na Sista Dinah akavaa glavu.

Saa nne kamili mkaguzi alitokea kwenye kona ya kanisa kwa miguu. Jina lake lilikuwa Ngari, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, fomu zimebanwa kwenye ubao mkononi mwake. Alisimama mbali kidogo kukwangua tope kwenye kiatu.

"Zima," Mzee Jairus alisema kwa sauti ya chini.

Phelista aliweka kidole karibu na kitufe. Kwenye skrini aliona mkono wa Rosaline umeshika chuma cha kitanda, na mikono ya muuguzi, ambayo ilikuwa imeingia mahali ambapo haiwezi kutolewa ghafla. Alijua kitakachotokea. Chuma kitaondoka, godoro litaondoka, mikono itaondoka, na Rosaline atashuka kimo cha kitanda hadi kwenye visiki vya nepia. Alijua pia kwamba faili la babake lilikuwa na barua tatu, na kwamba haitakuja Jumatano nyingine. Alingoja ahisi moja ya mambo haya mawili linazidi lingine. Hakuhisi. Kidole kilibaki pale kilipokuwa, halafu akautia mkono mfukoni.

Mzee alivuta koti likae sawa.

"Hamjambo," alisema Ngari. "Mzee Jairus ndiye wewe? Pole kwa kungoja. Hizi barua zilikaa kwa meza nyingine." Alitazama kiwanja. Aliona nyasi zilizokatwa, na mwanamke amelala hewani, leso imemfunika magoti, na wanawake wawili wamesimama juu ya kitu kilichowainua ngazi mbili kutoka ardhini. "Na wodi?"

"Haipo," alisema Mzee Jairus.

"Sasa huyo mama amelalia nini?"

Ngari alizunguka taratibu, akapita nyuma ya tripodi, akainama. Alikaa ameinama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inasogea, na Phelista alijua anahesabu vitanda.

"Kumi na viwili," alisema Ngari. "Tangi lipo. Benchi lipo."

"Inaonekana kwa simu tu," alisema mzee. "Na simu ni yangu. Tripodi ni ya binti yangu. Chaji ni ya kina mama wa kanisa. Serikali hapa imeleta kibao."

"Naelewa, mzee."

"Basi andika hivyo."

Ngari alimwonyesha fomu. Haikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Ilikuwa na visanduku viwili, kimoja Upo, kingine Haupo. "Ningeandika," alisema, na ilionekana anasema kweli. "Lakini hawajauliza unaonekana kwa kutumia nini. Wameuliza kama upo. Na mimi siwezi kuweka alama kwamba haupo, mtu akiwa anazaa ndani."

Kutoka kitanda cha saba Rosaline alipiga kelele mara moja, kelele ndefu. Ngari alivua viatu, akapanda ngazi, akaingia. Alipita ukutani ili asisumbue. Aliangalia mizani, akafungua kabati, akasalimiana na Sista Dinah kwa kichwa, akaweka alama kwenye jina lake. Kisha akachukua rejista, akatoka nayo hadi verandani, na kumwita mzee.

"Kuna hili pia la kifo," alisema. "Barua yako ya pili. Nimetafuta tarehe." Aliweka kidole kwenye mstari. "Kulingana na hii hakufa, mzee. Pole."

Phelista alimwona babake akipanda ngazi mbili, ambazo miezi yote hiyo hakuwa amezipanda, kwa sababu kazi yake ilikuwa simu. Alimwona akitoa miwani, akaifuta kwa kitambaa laini, akaivaa. Alisoma mstari ule. Aliurudia kuanzia mwanzo, kama alivyokuwa akisoma ripoti za wadogo wake wa kazi, akitafuta kosa. Umri ulikuwa sahihi. Tarehe ilikuwa sahihi.

"Kilo tatu na robo," alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Ni mwandiko mzuri."

Wakati huo mtoto wa Rosaline alilia, mvulana, miguu kwanza na kichwa mwisho, mzima. Wanawake wakapiga vigelegele. Ngari alingoja vigelegele viishe ndipo akatoa fomu ya pili, ya mlalamishi kukubali kwamba malalamiko yamechunguzwa na kufungwa. Mzee Jairus aliiegemeza kwenye ukuta wa krimu, akaitia sahihi, akaandika tarehe, akaandika na cheo chake cha zamani. Aliomba nakala. Ngari akamwambia aipige picha na simu, na Phelista akamwambia kwamba simu ina kazi kwa sasa.

Baada ya mkaguzi kuondoka mzee aliketi tena kwenye kiti chake, tai bado shingoni. Phelista alimletea uji.

"Ulikuwa unajua?" mzee alimuuliza. "Kuhusu rejista."

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa Agneta."

Mzee alikunywa uji mpaka nusu. "Wangeandika na alikokwenda," akasema. Kisha akampa kikombe, kwa kuwa taa za wodi zilikuwa zimeanza kufifia na pawabenki ya pili ilikuwa jikoni.

Wiki tatu baadaye, Phelista akiwa kibandani anabandika protekta ya skrini kwenye simu ya mteja, alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa idara ya ununuzi, kutoka Bungoma. Sauti yake ilikuwa ya heshima.

"Wewe ndiye ulitoa vifaa vya ile wodi ya chini ya Bokoli?"

"Ni mimi."

"Mkaguzi aliisifu sana. Tunataka vifaa kama hivyo. Tripodi arobaini, lenzi arobaini, na hizo pawabenki."

"Kwa wodi?"

"Wodi, madarasa, soko moja. Na daraja huko juu, Kapsokwony."

Phelista alilainisha protekta kwa kidole gumba, akasukuma povu la hewa hadi ukingoni likatoka. Alimpa mteja simu yake. Wacuka alikuwa anasikiliza kutoka kibanda chake.

"Daraja lina urefu gani?" Phelista aliuliza.

Karatasi zilisikika. "Mita sitini."

"Lenzi moja haitoshi. Itakuwa simu mbili, moja kila ng'ambo, na kule kuna ukungu, kwa hiyo kava za kuzuia maji. Nani atakuwa anachaji?"

"Wananchi," alisema mtu wa ununuzi.

"Watu watakuwa wanapita juu yake?"

"Si ndiyo kazi ya daraja?"

Phelista alivuta katoni kutoka chini ya meza, akaifungua. "Na vyuma vya pembeni," alisema, "vya mtu kujishikilia. Vimeandikwa?"

Karatasi zilipekuliwa tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Hapana," akasema yule mtu. "Hivyo havimo."

"Basi waambieni wapite katikati," alisema Phelista, akaanza kutoa lenzi.